Nyama Iliyopikwa Mbele ya Macho Yangu

Juzi nilikuwa Gulfton, hapa Houston, napanda ngazi za nje za jengo moja la fleti nikiwa na mkoba wangu wa kupimia presha. Kazi yangu ni uuguzi wa majumbani, na majengo yale nayajua kwa harufu zake. Chini kuna maharage na sabuni ya kufulia, juu kidogo kuna ubani na vitunguu vinavyokaangwa, na mbele zaidi kuna yule mzee anayechemsha karafuu kutwa nzima. Safari hii mlango mmoja ulifunguliwa nikiwa naupita, ikanijia harufu ya kitunguu saumu, sukari inayoanza kuungua, na mafuta ya ufuta yaliyogusa chuma cha moto. Nikasimama na kushika ukingo wa ngazi. Njaa na woga vilinijia kwa pamoja, jambo ambalo halikuwa limenipata kwa miaka mingi.

Wanaonijua watacheka nikiwaambia kwamba kuna nyama niliyowahi kuiogopa, maana leo mimi ndiye wa kwanza kuinua mfuniko wa sufuria katika kila shughuli ya Watanzania mjini hapa. Lakini hebu nikusimulie, kwa sababu kisa chenyewe sijawahi kukisimulia chote.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tunaishi Lewisville, kaskazini mwa Dallas, kwenye fleti ya ghorofa ya pili yenye zulia la rangi ya mchanga na dirisha la sebuleni linalotazama maegesho ya magari. Mama yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, kwa ugonjwa ambao watu wazima waliutaja kwa sauti ya chini, kana kwamba wakiutaja kwa nguvu utawasikia. Tulibaki mimi na Baba. Baba ni mtu wa Tanga, mpole, alifanya kazi ya ofisini katika kampuni ya bima, na maarifa yake yote ya upishi yaliishia kwenye mayai ya kuchemsha na ugali wenye madonge. Tuliula ugali ule tukitazamana, na hakuna aliyelalamika.

Bibi, mzaa mama, aliishi Katy, magharibi mwa Houston, kwa Mjomba Hamisi. Alikuja Marekani kumuuguza binti yake, akabaki kumlilia. Mjomba alikuwa injinia, mwenye nyumba kubwa mpya na bustani ya mbele ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuikanyaga, na katika nyumba ile Bibi alikuwa na chumba chake, televisheni yake na simu yake. Simu ndiyo aliyoitumia zaidi. Kila siku nikirudi shule, kabla sijavua viatu, simu ya zamani ya Baba niliyoachiwa ilikuwa inalia.

Kisha Baba akaoa.

Ndoa ilifungwa sebuleni kwa rafiki yake, Jumapili moja baada ya adhuhuri, kwa biriani na soda. Mke aliitwa Rehema, mwenyeji wa Morogoro, mwanamke mrefu mwenye viganja vipana na sauti ndogo. Kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani mwao. Alitembea bila kutoa kishindo, kwa hiyo ulikuwa unageuka na kumkuta yupo tayari. Baba aliniambia nimwite Mama Mdogo. Mimi nikamwita Anti, neno ambalo huku tunamwitia kila mwanamke mtu mzima, hata yule tunayepishana naye dukani.

Siku ile ile ya ndoa, jioni, Bibi alipiga simu.

"Hawa, mjukuu wangu, nisikilize vizuri," alisema. "Chakula cha mle ndani usikikimbilie. Mwache aanze yeye. Mtazame koo. Akimeza, ndipo na wewe utie mkono."

"Kwa nini, Bibi?"

Bibi alikuwa na hadithi ya mtoto mmoja wa Pangani aliyekula samaki aliyepikwa na mke wa baba yake, akanyauka mpaka akawa kama ufagio. Nilikuja kuisikia mara nyingi hadithi hiyo. Kila alipoisimulia samaki alibadilika, leo changu, kesho kibua, na safari moja akawa pweza. Mtoto peke yake ndiye ambaye hakubadilika. Alinyauka vile vile.

Nikaanza kumtazama Anti koo.

Naomba unielewe: sikuwa mtoto mkorofi. Nilikuwa mtoto mwenye kazi. Kila chakula kilipowekwa mezani mimi nilikuwa na jambo la kuchunguza. Wali ulitoka jikoni ukiwa umeshapakuliwa; kwa nini haukuletwa kwenye bakuli moja? Mchuzi wa kuku ulikuwa mzito kuliko wa Mama. Kilichouzidishia uzito ni nini? Alionja kwa kijiko akageuka kunipa mgongo. Alitia nini alipogeuka? Hata upole wake niliutilia shaka. Nikimwambia sina njaa, alisema tu, "Haya, nitakuwekea," akafunika sahani yangu. Mtu aliyekasirika ningemwelewa. Huyu asiyekasirika alikuwa anangoja nini?

Aliponiuliza jambo nilimjibu kwa Kiingereza, hata pale Baba aliponikodolea macho. Kiingereza kilikuwa chumba changu cha kujifungia.

Nikawa naishi kwa vitu vyenye kifuniko. Shuleni nilikunywa maziwa ya pakiti niliyoifungua mwenyewe. Nyumbani nilikula ndizi, kwa sababu ndizi ina ganda, na mayai niliyoyachemsha mimi. Pilau yake ya Ijumaa, iliyonukia mpaka kwenye ngazi, niliipita kama naipita nyumba ya mbwa mkali. Ile ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa kuwa ilinukia kama ya Mama, nami nilijiambia ni mtego.

Sketi yangu ya shule ikaanza kuzunguka kiunoni, ikabidi ishikwe na pini. Baba alijaribu kila njia: alinibembeleza, akaniahidi baiskeli, siku moja akagonga meza mpaka maji yakamwagika.

"Utakula au hutakula?"

"Mwache, Baba Hawa," Anti alisema. Akachukua kitambaa akafuta maji. Aliendelea kufuta hata meza ilipokwisha kukauka.

Hayo yaliendelea kwa miezi. Kisha ikaja ile Ijumaa.

Nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya meza ya chakula, mahali nilipopenda kufanyia kazi zangu za shule, kitambaa cha meza kikiwa kimening'inia pande zote. Anti aliingia na mifuko ya plastiki. Hakujua kama nipo, au ndivyo nilivyoamini wakati huo. Kupitia mwanya wa mlango wa jikoni niliona akitoa vitu kimoja kimoja. Chupa yenye maji meusi, na maandishi yake hayakuwa ya Kiingereza wala ya Kiarabu. Yalikuwa kama vijumba vidogo na viduara vimepangwa safu. Chupa nyingine nyembamba yenye mafuta ya rangi ya kahawia. Tunda kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, limevishwa wavu mweupe. Pande la nyama, ambalo halikuingia sufuriani kama nyama za watu bali lilitumbukizwa kwenye friza. Halafu boksi, ambalo alilisukuma juu kabisa ya kabati, nyuma ya magudulia, akageuka kutazama kama kuna mtu.

Kisha akapiga simu. Alikuwa na rafiki mmoja Mkenya, nesi, tuliyemwita Mama Njeri, na sauti ya Mama Njeri kwenye simu ilikuwa kubwa kuliko simu yenyewe.

"Umepata zote?" niliisikia ikiuliza.

"Nimepata," Anti akajibu kwa sauti ya chini. "Ni kesho. Kesho hana pa kukimbilia."

"Na akikataa tena?"

"Hatakataa. Akila mara moja tu, basi, nimemaliza."

Akacheka kidogo. Nikatoka chini ya meza kwa upande wa pili.

Nilitambaa mpaka bafuni, nikafungua bomba ili maji yafunike sauti yangu, nikampigia Bibi. Nilimweleza yote: maji meusi, maandishi, boksi, "akila mara moja tu, basi." Bibi hakuniuliza hata swali moja.

"Usiweke kitu mdomoni," alisema. "Tunakuja."

Jioni ile niliangalia kila kitu. Anti aliitoa nyama ikiwa imeganda nusu, ngumu ya kutosha kukatika bila kuteleza, akaikata vipande vyembamba, vyembamba, hata ungeweza kuona mwanga upande wa pili. Sikuwahi kuona mtu akikata nyama hivyo. Kwetu nyama ni kipande, unakishika na unakiona. Alilimenya lile tunda, akalikwaruza kwenye kikwaruzo cha karoti mpaka likawa uji. Akakwaruza kitunguu na tangawizi, akatwanga kitunguu saumu, akatia sukari! Sukari kwenye nyama! Kisha akamimina yale maji meusi, na kila kitu kikazama humo kisionekane tena. Akafunika bakuli kwa sahani na kuliingiza kwenye jokofu.

Asubuhi Baba alipokuwa anaoga nilikwenda kuinua ile sahani. Nyama ilikuwa imebadilika rangi, imelegea kama kitu kilicholala kwa huzuni. Nikainusa. Ilinukia tamu.

"Iache ikae," Anti alisema nyuma yangu. Kama kawaida, sikumsikia akija. "Ikikaa ndiyo inalainika."

Nilirudi chumbani kwangu nikakaa nyuma ya mlango.

Bibi aliwasili alasiri, na baibui lake jeusi, akiwa amepakata hotipoti la wali wa nazi tangu Katy. Mjomba Hamisi alikuwa nyuma yake amenyooka mgongo kama mtu aliyeendesha gari saa nyingi huku akisomewa mashtaka ya mtu mwingine. Baba alifungua mlango akabaki ameshika kitasa.

"Shikamoo, mama. Karibuni. Mbona hamkutuambia?"

"Marahaba. Kumwona mjukuu wangu naomba ruhusa?"

Alinivuta, akanigeuza huku na huku, akanishika shingo kwa vidole viwili. Kisha hakukaa. Aliongea akiwa amesimama katikati ya zulia.

"Nimekuja kumchukua huyu mtoto. Kule kuna chumba, kuna shule, kuna mimi. Mtazame shingo yake. Binti yangu nimemzika huku ugenini. Huyu simziki."

"Mama, tafadhali," Mjomba alisema.

"Mtoto wangu haendi popote," Baba alisema. Sijawahi kumsikia tena akiitumia sauti ile.

"Haya. Basi niambie anakula nini. Wewe baba yake, taja chakula kimoja alichokula jana katika nyumba hii."

Baba akageuka kutazama jikoni. Friji ilikuwa inanguruma. Niliangalia vidole vyangu vya miguu.

Anti alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, ametanda kitenge, mikono yake imelowa. Yeye ndiye aliyejibu.

"Ni kweli, mama. Hali. Kwangu mimi hali kitu."

Kila mtu alimtazama.

"Sibishi," aliendelea. "Mimi naomba jambo moja tu, tukae tule. Baada ya hapo, mkimchukua, mtamchukua akiwa ameshiba."

Sijui kama Bibi alikuwa amejiandaa kwa hilo. Nadhani njiani kote alijiandaa kwa ugomvi. Alivuta kiti, akakaa na hotipoti mapajani.

Anti akalishusha lile boksi kutoka juu ya kabati. Ndani yake mlikuwa na jiko dogo la gesi, bapa, la kuwekwa mezani, na kikopo chake cha gesi ubavuni. Akaliweka katikati ya meza, juu yake kikaango kipana cha chuma. Kisha akaleta kila kitu kikiwa kibichi: bakuli la nyama, zile chupa mbili, majani ya saladi yaliyooshwa, vitunguu vya majani, ufuta uliokaangwa na wali mweupe. Akavipanga mbele ya Bibi, siyo mbele yake yeye.

"Uliza chochote, mama," alisema.

Na Bibi akauliza.

"Nyama ya nani?"

"Ya bucha ya yule Mpakistani, anakonunua Baba Hawa siku zote. Imechinjwa kihalali."

"Hii nyeusi?"

"Maharage ya soya, yamechachushwa kwa chumvi. Huku nyuma wameandika kwa Kiingereza."

Bibi akampa Mjomba chupa. Mjomba akavaa miwani yake, akasoma kwa sauti kama anasoma hotuba: maji, soya, ngano, chumvi.

"Na pombe? Hawa watu wa mashariki wanapikia pombe."

"Wenyewe wapo wanaotia mvinyo wa mchele. Mimi sitii. Lile tunda, peasi lao, linatosha kulainisha."

"Tunda kwenye nyama," Bibi alisema, akimtazama Mjomba kama anayetafuta shahidi.

Anti akawasha jiko. Alipoweka nyama ya kwanza kikaangoni ililia kwa sauti kali, na mvuke ukapanda: tamu, chumvi, kitunguu saumu, na yale mafuta ya ufuta. Harufu ilinishika mashavuni mpaka mate yakanijaa mdomoni, nikayameza kwa siri. Vile vipande vyembamba vilikunjika pembeni, vikaanza kung'aa, sukari ikashika rangi. Kabla hatujasema neno, king'ora cha moshi kilicho darini kikaanza kupiga kelele.

Baba akakimbilia dirisha. Mjomba Hamisi, injinia, alipanda juu ya kiti akaanza kukipepea king'ora kwa sinia, soksi zake zikiteleza, huku akikiamuru kinyamaze kwa Kiingereza. Nilicheka. Ilinitoka tu, na nilipogeuka nilikuta Anti naye anacheka, na kwa sekunde ile tulikuwa tunacheka kitu kimoja. Nikajirudi haraka.

King'ora kiliponyamaza, Anti alichukua jani la saladi, akalipakata kiganjani, akaweka wali kidogo, nyama kutoka katikati ya kikaango na kitunguu cha majani, akalikunja likawa furushi. Akalila mwenyewe, pale, mbele yetu sote, akitafuna bila haraka. Mimi na Bibi tulimtazama koo. Akameza.

Akakunja la pili, akampa Bibi kwa mikono miwili.

"Nimefunga," Bibi alisema.

"Si umekula kashata tulipokuwa barabarani, mama?" alisema Mjomba kutoka juu ya kiti.

Bibi alimtazama mwanawe kwa jicho lililomfunga mdomo mpaka waliporudi Katy.

Basi Anti hakunipa mimi lile furushi. Hilo nalikumbuka vizuri, maana nilikuwa nimeshajiandaa kulikataa. Alimpa Baba. Kisha akazungusha mpini wa koleo ukaelekea kwangu.

"Pika ya kwako," alisema. "Chagua mwenyewe."

Nilimtazama Bibi. Bibi alikuwa anatazama bakuli. Hakusema ndiyo wala hapana, na mimi nilikuwa na njaa ya miezi. Nikashika koleo. Nilichagua kipande cha chini kabisa, kwa hesabu zangu kwamba cha juu ndicho kitakachokuwa na ubaya. Nikakiweka kwenye chuma, nikakiona kikibadilika toka wekundu hadi kahawia. Hakuna aliyekigusa ila mimi. Nikakigeuza. Nikakipuliza. Nikakila.

Nimekula nyama nyingi tangu siku ile na siwezi kuieleza ile vizuri. Ilikuwa laini bila kuwa mbichi, tamu bila kuwa chakula cha watoto, na pembeni ilikuwa imeungua kidogo kwa ukali wa kupendeza. Nilingoja kunyauka. Bibi naye alikuwa amenikazia macho, ameshika ukingo wa meza. Hakuna kilichotokea. Nikachukua kipande kingine. Kisha nikachukua jani, wali, nyama, nikakunja vibaya, mchuzi ukanitiririka mpaka kwenye kiwiko.  Baba alikuwa ameinamisha kichwa, na nilidhani moshi umemwingia machoni.

Nilikula mpaka bakuli likafika nusu. Hapo ndipo Bibi aliponyoosha mkono.

"Lete hilo koleo," alisema. "Unaichelewesha kuigeuza, inaungua."

Akapika yeye. Aligeuza vipande kwa haraka na hasira, kama anayesahihisha kazi ya mtu, akaonja kimoja "kujua chumvi tu," akaonja kingine. Akafungua hotipoti lake, akasukuma kando wali mweupe wa Anti, akatupakulia wali wa nazi. Nikwambie ukweli: ile nyama ya Wakorea, wenyewe huiita bulgogi, na wali wa nazi wa Tanga, ni vitu vilivyokuwa vinatafutana siku nyingi.

"Nani kakufundisha?" Bibi aliuliza baadaye, mikono ikinata.

"Bibi mmoja wa Kikorea niliyekuwa namhudumia kule Carrollton," Anti akajibu. Hakuongeza neno, akaanza kukusanya vyombo.

Suala la kunichukua halikutajwa tena. Lakini kabla hawajaondoka kwenda kulala kwa jamaa zao wa Dallas, Bibi alimwita Anti kwenye korido, nami nikaweka sikio mlangoni, kwa sababu kazi yangu ilikuwa haijaisha.

"Usidhani nimekuamini," Bibi alisema.

"Sijakuomba uniamini, mama."

"Nitapiga simu kila siku."

"Piga."

Na alipiga. Mimi pia sikubadilika siku ile kama watoto wa kwenye hadithi. Niliendelea kumtazama koo. Lakini kila Jumamosi lile jiko lilishuka mezani, na siku nyingine lilikuwa kuku, au samaki, au mayai tu, vyote vikipikwa mbele yangu. Halafu baadhi ya siku jiko likabaki kabatini na chakula kikatoka jikoni, nami nikala bila kukumbuka kutazama. Siku hiyo ya kusahau ilikuwa lini, sijui. Ingekuwa vizuri kuikumbuka, lakini huwezi kukumbuka siku uliyosahau. Pini ya sketi ilitoka.

Nilipokua ndipo nilipomwelewa Bibi. Aliyemtisha hakuwa Rehema hasa. Alikuwa amekaa kando ya kitanda cha binti yake akimlisha kijiko kwa kijiko, na binti yake akanyauka mikononi mwake akiona. Alihitaji kuwe na mtu aliyetia kitu kwenye chakula. Na yale maneno ya simu, "akila mara moja tu, basi," niliyaelewa pia, bila kuelezwa, nilipoanza kazi ya kuwabembeleza wagonjwa wasiotaka kula.

Lakini kuhusu Anti, nilidhani nimeelewa, kumbe bado. Ile juzi, nilipomaliza kazi Gulfton, nilikaa ndani ya gari nikampigia. Yupo Lewisville bado, yeye na Baba, katika nyumba yenye ua. Nilimwambia nimesikia harufu ya bulgogi nikakumbuka Bibi na koleo. Akacheka. Ndipo nikamuuliza habari za yule bibi wa Carrollton, jinsi alivyomfundisha.

"Hakunifundisha," alisema. "Alinishuku. Akili ilikuwa imeanza kumtoka, akaamini kila anayemletea sahani anataka kumuua achukue nyumba. Alikuwa anaisha. Binti yake akasema, mpikie mezani, aone kila kitu, na ule wewe kwanza. Chakula alichokubali kupikiwa hivyo kilikuwa hicho."

 Nje ya kioo watoto walikuwa wanafukuzana kati ya magari.

"Kwa hiyo ulijua," nilisema. "Kuhusu mimi."

"Hawa, ulikuwa unanitazama koo kila siku. Nilijua tangu wiki ya kwanza."

"Na hukukasirika?"

Nilisikia akifunga bomba la maji.

"Nililia kwenye gari," alisema. "Kisha nikaenda kununua jiko."

Alikuwa na umri mdogo kuliko nilio nao leo. Bibi arusi, katika jiko lake mwenyewe, akichungwa kama mwizi na mtoto wa miaka tisa, na hakutafuta shahidi wala kiapo. Alitafuta chakula kisichoweza kuficha kitu. Na kwa miaka yote hiyo sisi tulidhani ni mapishi tu aliyoyapenda.

Nikauliza jambo jingine.

"Na yule bibi? Mwishowe alikuamini?"

"Hapana," Anti alisema, bila huzuni, kama anayenijibu ni saa ngapi. "Mpaka mwisho wake alikuwa anangoja nimeze kwanza."

Nikasikia akifungua bomba tena.

"Lakini alikula."